Kabla ya Kulipa Ada ya Kozi ya Lishe

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi huniuliza: mtoto akisoma lishe kwenye chuo kidogo cha mkoani, atakuja kuwa mpishi? Wengine hukata tamaa wakishaona madarasa matatu na maabara ya chumba kimoja. Mimi ninayefundisha fani hii nawaambia waangalie vipimo na jiko, majengo baadaye.

Tuanze na sababu ya kozi hii kuwapo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ilifikia asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu 50. Mikoa hiyo ndiyo inayovuna mahindi kwa magunia. Ghala linaweza kujaa huku mtoto hakui, na mtaalamu wa lishe anasomeshwa ili ajue kwa nini.

Kazi yake huanzia kwenye kupima. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa urefu akiwa amelazwa kwenye ubao; aliyefikisha miaka miwili husimama. Ukimsimamisha aliyepaswa kulala, kipimo hupungua kwa takriban sentimita 0.7, na mtoto mzima anaweza kuandikwa amedumaa. Utepe wa mkono nao una masharti: huzungushwa katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto ukiwa umelegea. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi kabla ya 12.5 ni wa kadiri. Ukikaza utepe kidogo tu, rangi ya njano ya utapiamlo wa kadiri inageuka nyekundu ya utapiamlo mkali.

Baada ya hapo mwanafunzi huingia jikoni. Makande, ambayo wengi huyaona chakula cha shuleni, ni somo kamili la protini: mahindi yana upungufu wa lisini na maharage yanayo, maharage yana upungufu wa methionini na mahindi yanaijazia. Ongeza mchicha uliotiwa mafuta, maana vitamini A ya mboga hufyonzwa vizuri penye mafuta, na chungwa, linalosaidia mwili kufyonza madini chuma. Chai isubiri, kwa kuwa ikinywewa pamoja na mlo huzuia madini hayo.

Kisha kuna usalama wa chakula. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi. Inazuiwa mapema, kwa kukausha nafaka. Chuo kisicho na mashine ya kupima unyevu bado kinaweza kufundisha hivi: chupa ya glasi iliyokauka kabisa, mahindi, chumvi kavu kidogo. Funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, yarudi juani. Isiponata, mkulima aendelee kuyaanika kidogo, kwani kiwango salama cha kuhifadhia ni asilimia 13.5.

Anayemaliza stashahada anaweza kufanya kazi hospitalini, kwenye halmashauri, kwenye miradi ya lishe au viwanda vya kusindika unga. Anayetaka shahada anaweza kuendelea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Basi, mzazi, kabla ya kulipa ada hakikisha chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Omba kuonyeshwa jiko la mafunzo, ubao wa urefu na mizani. Uliza wanafunzi hupelekwa kliniki gani kwa mazoezi, na kwa wiki ngapi. Mwisho, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, umwombe akuonyeshe utepe unavyofungwa mkononi. Akibabaika, peleka ada yako kwingine.