Je, Wajua? Ukienda Ng'ambo Kusomea Ramani, Kericho Imekutangulia Darasani

Je, wajua kwamba fani ya ramani za kompyuta unayoifungia virago ina mzizi wake hapa Kenya? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Spartan Air Services ya Ottawa, Kanada, ilipewa kazi ya kutafuta mahali pafaapo kupanda msitu nchini Kenya. Roger Tomlinson, mwanajiografia wa kampuni hiyo, alipiga hesabu ya kulaza ramani moja juu ya nyingine kwa mkono: ya miteremko, ya udongo, ya mvua, ya barabara. Gharama ikatisha, kazi ikakwama. Ndipo alipopendekeza kompyuta ifanye hayo. Serikali ya Kanada ikalichukua wazo hilo, na Tomlinson, aliyefariki 2014, huitwa baba wa mifumo ya taarifa za kijiografia. Mwalimu wako wa wiki ya kwanza huenda akaisimulia hadithi hii bila kuitaja Kenya. Mkumbushe.

Je, wajua kuwa chuo cha ITC cha Uholanzi, ambacho kimewasomesha Waafrika Mashariki wengi katika fani hii, kiliasisiwa na waziri mkuu mstaafu? Willem Schermerhorn, mhandisi wa ramani za picha za angani, aliongoza serikali mwaka 1945 hadi 1946, kisha akakianzisha chuo hicho mjini Delft mwaka 1950. Kilihamia Enschede 1971, na tangu 2010 ni kitivo cha Chuo Kikuu cha Twente.

Je, wajua kuwa joto la Kericho limezua ubishi kwenye majarida makubwa ya sayansi? Hapa tukae kidogo. Mwaka 2002, Simon Hay na wenzake waliandika kwenye jarida la Nature kwamba hali ya hewa haikuwa imebadilika katika maeneo manne ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwemo, ingawa malaria ilikuwa imeongezeka. Wapinzani wakauliza: joto hilo mlilipima wapi? Kumbe lilikuwa joto la gridi, yaani makadirio yanayojazwa kutokana na vipimo vya vituo vilivyotawanyika. Nchi ya vilima kama yetu, ukishuka kutoka Kericho mjini kwenda Sondu unavua sweta njiani. Gridi pana hailioni hilo. Mwaka 2011, Judith Omumbo na wenzake wakarudi kwenye vipimo vya kituo chenyewe cha Kericho, vya 1979 hadi 2009. Wakakuta joto limepanda kwa takriban nyuzi 0.2 za Selsiasi kila miaka kumi. Anayetaka kujua kwa nini makadirio ya gridi hufundishwa kwa tahadhari asome malumbano hayo. Na akiwa mtoto wa Kapkatet au Litein, atayasoma kwa faida zaidi kuliko jirani yake wa dawati.

Je, wajua kuwa ramani zetu za zamani zinaweza kulihamisha shamba lako? Ramani za Idara ya Upimaji za skeli ya 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa majiranukta wa Arc 1960. Simu yako inatumia WGS84. Ukichanganya mifumo hiyo bila kubadilisha namba, shamba linaruka mita 300 hivi, na kichaka cha chai cha mzee kinaangukia ng'ambo ya mto. Tena Kericho na Bomet ziko ukanda wa majiranukta wa 36 Kusini, ilhali Nairobi iko ukanda wa 37. Aliyezoea mazoezi ya Nairobi aangalie hapo.

Je, wajua kuwa picha za setilaiti ya Landsat 7 ziliuzwa dola 600 kila moja, hadi Marekani ilipofungua ghala lake bure mwaka 2008? Na setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupita juu yetu karibu saa tano asubuhi. Bahati yetu, maana mvua ya mawe ya Kericho huwa ya alasiri. Wingu likizidi, tumia rada ya Sentinel-1, hiyo hupenya.

Je, wajua kuwa pesa za harambee ya Jumamosi hazikupi viza ya Uingereza Jumatatu? Ukilipa mwenyewe, fedha za kujikimu lazima zikae benki siku 28 mfululizo. Mkenya anayekwenda kukaa huko zaidi ya miezi 6 hupimwa pia kifua kikuu. Ujerumani nayo hutaka akaunti iliyofungwa, ambayo kuanzia Septemba 2024 ilikuwa ya euro 11,904 kwa mwaka. Ufadhili wa Erasmus Mundus, ambao una shahada ya teknolojia za kijiografia kati ya Münster, Lisbon na Castellón, hutoa euro 1,400 kwa mwezi. Maombi mengi ya ufadhili huo hufungwa kati ya Oktoba na Januari, kwa hiyo anayengoja Pasaka amechelewa.

Je, wajua kuwa shahada ya fani hii, hata iwe ya wapi, haikufanyi mpima ardhi? Leseni hutolewa na Bodi ya Wapima Ardhi chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299. Ukirudi na kwenda kuweka mipaka ya watu Mogogosiek kwa cheti cha Ulaya tu, utajibu mahakamani.

Je, wajua kuwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 dhidi ya ukataji misitu hudai majiranukta ya kila shamba la kahawa, lakini chai haimo kwenye orodha yake? Wakulima wa kahawa wa Kipkelion, papa hapa kaunti ya Kericho, wanaguswa moja kwa moja. Kama hujapata mada ya tasnifu, anza na hiyo, na uwaombe ruhusa wenye mashamba kabla hujapanda ndege.