Vishikio vya joto vya pikipiki

Vishikio vya joto ni vishikio vya usukani wa pikipiki vyenye kipashajoto cha umeme ndani yake. Kazi yake ni kuzuia mikono ya dereva isife ganzi kwa baridi. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huita kishikio cha usukani gripu. Vishikio vya joto hutumika zaidi katika nchi zenye majira ya baridi, hasa kwenye pikipiki za safari ndefu, za polisi na za wasafirishaji wa vifurushi. Vipo pia kwenye magari madogo ya thelujini ya Kanada na nchi za Skandinavia.

Kama sehemu nyingine zinazoguswa kila siku, vishikio hivi huchakaa: mpira hulika, nyaya hukatika na joto hupotea upande mmoja au pande zote mbili. Kuvibadilisha si kazi ngumu, lakini si sawa na kubadilisha vishikio vya kawaida. Kishikio cha kulia ndicho kinachoshika eksileta. Kikifungwa vibaya, au waya wake ukipitishwa mahali pasipofaa, eksileta inaweza kukwama ikiwa wazi wakati pikipiki iko barabarani.

Umuhimu wa mikono yenye joto

Mkono uliosimama mbele ya upepo hupoteza joto haraka kuliko sehemu nyingi za mwili. Kwa kanuni ya kukadiria baridi ya upepo inayotumika Kanada na Marekani tangu mwaka 2001, hewa ya nyuzi 10 za selsiasi kwenye upepo wa kilomita 80 kwa saa huhisiwa na ngozi iliyo wazi kama nyuzi 4 hivi. Hewa ya nyuzi 5 kwenye upepo wa kilomita 100 kwa saa huhisiwa kama nyuzi 3 chini ya sifuri.

Ngozi ya mkono ikishuka chini ya takriban nyuzi 15, vidole hupoteza wepesi. Dereva huchelewa kubana breki na klachi, na hawezi kupima vizuri nguvu anayoitumia. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Kuchelewa nusu sekunde ni sawa na kuongeza zaidi ya mita 8 kabla breki haijaanza kushika.

Glavu nene hupunguza baridi, lakini pia hupunguza hisia za vidole. Kishikio cha joto humwezesha dereva kuvaa glavu nyembamba kiasi. Hata hivyo hupasha kiganja tu. Mgongo wa mkono bado huhitaji glavu au kinga ya upepo.

Muundo na utendaji

Kipashajoto hufanya kazi kwa sababu umeme unaopita kwenye kitu chenye ukinzani huzalisha joto. Uhusiano huo ulielezwa na mwanafizikia Mwingereza James Prescott Joule katika miaka ya 1840. Vipashajoto vingine hutengenezwa kwa waya wa nikeli na kromi, aloi iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1906 kwa jina la Albert Marsh. Vingine ni utando mwembamba wa plastiki uliochorwa njia za metali, ambao huzungushiwa bomba na kufunikwa kwa mpira.

Kishikio cha kushoto na cha kulia havifanani. Cha kushoto hukaa moja kwa moja juu ya bomba la usukani, ambalo kwa pikipiki nyingi lina kipenyo cha milimita 22, na kwa baadhi ya pikipiki kubwa milimita 25.4. Cha kulia hukaa juu ya bomba la plastiki la eksileta, kwa hiyo tundu lake ni pana zaidi. Tofauti hii huathiri pia joto. Chuma au alumini ya usukani hunyonya joto la kishikio cha kushoto, ilhali plastiki ya eksileta hulizuia lisipotee. Ndiyo maana watengenezaji wengine huweka kipashajoto chenye nguvu zaidi upande wa kushoto, au huweka bomba jembamba la plastiki chini yake. Kuvibadilishana pande hakufai.

Nguvu ya kipashajoto hutegemea volti na ukinzani. Pikipiki yenye mfumo wa volti 12 huwa na takriban volti 13.5 injini ikiwa inazunguka. Kipashajoto chenye ukinzani wa omu 10 kitatumia ampea 1.35 na kutoa wati 18. Viwili vilivyounganishwa sambamba vitatoa wati 36. Vikiunganishwa kwa mfuatano, ukinzani utakuwa omu 20 na jumla ya nguvu itashuka hadi wati 9 tu. Baadhi ya mifumo ya zamani ilitumia tofauti hii kupata joto la juu na la chini. Mifumo mingi ya leo hukata na kurudisha umeme haraka sana kwa kifaa cha kielektroniki, na dereva huchagua kiwango kwa kubonyeza kitufe.

Dalili za kuchakaa na upimaji

Si kila kishikio kilichopoa kimekufa. Upimaji mfupi huokoa gharama ya kununua kitu ambacho hakikuharibika.

Pande zote mbili zikipoa pamoja, kwanza huangaliwa fyuzi, plagi, swichi na rilei. Vifaa vingi vya kisasa hujizima vyenyewe volti ya betri ikishuka sana, hivyo betri dhaifu inaweza kuonekana kama ubovu wa vishikio. Katika mfumo wa mfuatano, kukatika kwa upande mmoja huzima pande zote mbili.

Upande mmoja ukipoa katika mfumo wa sambamba, kosa liko kwenye kipashajoto cha upande huo au waya wake. Joto likija na kuondoka dereva anapozungusha eksileta, kuna uwezekano mkubwa kwamba waya umekatika ndani ya ganda lake, mahali unapotokea kwenye kishikio. Hapo ndipo unapokunjwa kila mara eksileta inapofunguliwa na kufungwa, na ndiyo sababu kishikio cha kulia mara nyingi hufa kabla ya cha kushoto.

Kwa uhakika, plagi ya kila kishikio hufunguliwa na ukinzani hupimwa kwa mita ya umeme. Kishikio kizima husoma omu chache au makumi machache, kulingana na mtengenezaji. Kilichokatika huonyesha kwamba njia haipitishi kabisa. Upande wa kulia hupimwa huku eksileta ikizungushwa polepole. Namba zikirukaruka, waya umekatika. Kisha hupimwa kati ya waya wa kipashajoto na chuma cha usukani, na nyaya zikiwa bado zimechomolewa. Mita ikisoma omu chache, kipashajoto kimegusa chuma, na huunguza fyuzi kila kinapowashwa.

Mpira uliolika, unaoteleza au kuzunguka juu ya bomba ni sababu ya kutosha ya kubadilisha hata kama joto bado lipo. Kishikio cha kushoto kikichomoka mkononi, dereva hupoteza usukani.

Kuchagua vishikio vipya

Vipimo vitatu huangaliwa kabla ya kununua: kipenyo cha usukani, urefu wa kishikio cha zamani, na jumla ya wati. Katika baadhi ya pikipiki kishikio cha kulia na bomba la eksileta huuzwa kama kitu kimoja, na hapo hakuna haja ya gundi upande huo.

Wati huhusiana na uwezo wa jenereta ya pikipiki. Taa za mbele za pikipiki nyingi ndogo hutumia globu ya wati 35, kwa hiyo vishikio vya wati 36 ni sawa na kuongeza taa nyingine ya mbele. Pikipiki kubwa ya safari huumudu mzigo huo kwa urahisi. Pikipiki ndogo inaweza kushindwa kuchaji betri, hasa mjini ambako injini huzunguka polepole kwenye foleni.

Hatua za kubadilisha

1. Kutenganisha umeme. Ufunguo huzimwa na waya hasi wa betri huondolewa kwanza. Ni vizuri kupiga picha njia za nyaya za zamani kabla ya kuzigusa.

2. Kufungua usukani. Vizito vya ncha za usukani hufunguliwa, na visanduku vya swichi hulegezwa ili kupata nafasi.

3. Kuondoa vishikio vya zamani. Kwa kuwa vimegundishwa, kwa kawaida hukatwa kwa wembe kutoka ncha hadi ncha na kubanduliwa. Upande wa kulia hukatwa kwa tahadhari, kwani wembe unaoingia ndani huchana bomba la eksileta.

4. Kusafisha. Gundi ya zamani huondolewa na mafuta hufutwa kwa spiriti. Mabomba mengi ya eksileta yana mistari iliyoinuka. Hiyo hupigwa tupa hadi kishikio kipya kiingie bila kulazimishwa. Kugonga kishikio kwa nyundo huvunja kipashajoto ndani yake.

5. Kujaribisha bila gundi. Vishikio huvalishwa vikiwa vikavu ili kujua mahali waya utakapotokea. Upande wa kulia, eksileta hufungwa kabisa, kisha hufunguliwa hadi mwisho. Waya usiguse wenzo wa breki, usibanwe na sanduku la swichi, wala usivutike. Alama huwekwa kwa kalamu, kwa sababu gundi ikishashika hakuna nafasi ya pili.

6. Kugundisha. Hutumika gundi inayostahimili joto, kama epoksi au ile iliyotolewa na mtengenezaji. Gundi za maji hulainika kishikio kinapopata moto. Hupakwa kidogo, na isifike kwenye mwanya kati ya bomba la eksileta na usukani. Kati ya kishikio cha kulia na sanduku la swichi huachwa nafasi ya milimita moja au mbili, na vivyo hivyo mbele ya kizito cha ncha.

7. Kupitisha nyaya. Waya wa kulia huachiwa mkunjo wa kutosha ili uruhusu eksileta kuzunguka. Nyaya zote hufungwa kwa vifungo vya plastiki, mbali na ekzosi na mahali usukani unapojikunja kwenye shingo ya fremu.

8. Kuunganisha umeme. Fyuzi huwekwa karibu na betri. Umeme hupitishwa kwenye rilei inayowashwa na ufunguo, ili vishikio vizimike pikipiki inapozimwa. Vishikio vya ampea 2.7 vilivyosahauliwa vikiwaka vinaweza kumaliza betri ya ampea-saa 8 kwa takriban saa tatu, na injini hushindwa kuwaka muda mrefu kabla ya hapo. Viungo vya nyaya hulehemiwa au hubanwa kwa koleo, kisha hufunikwa vizuri maji yasiingie.

Ukaguzi kabla ya safari

Hatua hii ndiyo inayolinda maisha. Injini ikiwa imezimwa, eksileta hufunguliwa na kuachiwa. Lazima irudi yenyewe kwa mlio wa kugonga. Jaribio hurudiwa usukani ukiwa umekatwa kushoto kabisa na kulia kabisa. Kisha injini huwashwa na kuachwa katika mzunguko wa chini huku usukani ukikatwa pande zote mbili. Mlio wa injini ukipanda, kuna waya au kebo inayovutwa, na pikipiki haipaswi kuendeshwa mpaka tatizo litatuliwe.

Gundi huachwa ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa yake, hata kama kishikio kinaonekana kushika. Baadaye kila kishikio hujaribiwa kwa kukisokota kwa nguvu. Kisizunguke juu ya bomba. Mwisho vishikio huwashwa injini ikiwa inazunguka, na volti za betri hupimwa. Zikiendelea kushuka taratibu, mzigo umezidi uwezo wa jenereta.

Joto la kishikio pia lina mipaka. Ngozi inayobanwa kwa muda mrefu kwenye kitu cha nyuzi 44 au zaidi inaweza kuungua. Watu waliopoteza hisia za mikono, kwa mfano kutokana na kisukari, wanashauriwa kutumia kiwango cha chini na kuvaa glavu daima.

Njia mbadala

Pikipiki nyingi za bodaboda hazina vishikio vya joto, na jenereta zake hazikukusudiwa kuvibeba. Katika nyanda za juu kama Limuru nchini Kenya, au Makete na Njombe nchini Tanzania ambako mwezi Juni na Julai asubuhi huwa na baridi kali, madereva hutumia glavu pamoja na mifuko mizito ya ngozi au turubai inayofungwa juu ya vishikio. Mifuko hiyo haihitaji umeme, na huzuia upepo usipige mgongo wa mkono.

Hata hivyo kanuni ya usalama ni ileile. Mfuko lazima uache mkono uingie na kutoka bila kunasa, usibane wenzo wa breki, na usiizuie eksileta kurudi yenyewe inapoachiwa.