Njia Iliyoandikwa Vibaya Hukikata Kituo

Askari wa zamu katika kituo cha mpakani hukiona kila siku kile kisanduku chenye taa za kijani ukutani, asijue kwamba ndani yake mna orodha ya maagizo. Kisanduku hicho ni ruta. Huisoma anwani ya kila kifurushi cha habari, huilinganisha na orodha yake, kisha hukikabidhi kwa ruta ya jirani. Haiulizi kama habari hiyo ni ya siri ama ya mshahara.

Agizo liandikwalo humo kwa mkono wa fundi ndilo njia ya kudumu. Kwa ruta za Cisco huandikwa hivi: ip route 10.5.0.0 255.255.0.0 10.1.1.2. Maana yake, kila kiendacho kwenye anwani zinazoanza na 10.5 kipewe jirani 10.1.1.2. Njia ya jumla nayo huandikwa kwa sifuri tupu, 0.0.0.0 mara mbili, ikachukua vyote visivyotajwa kwingine. Kituo chenye mlango mmoja wa kutokea hakihitaji zaidi ya hiyo.

Lakini njia itajayo shabaha kwa udhahiri zaidi ndiyo ishikwayo daima. Tarehe 24 Februari 2008 ulimwengu uliliona jambo hilo. Serikali ya Pakistan ilikuwa imeamuru YouTube ifungwe nchini humo. Shirika la simu la nchi hiyo likatangaza njia ya anwani 256 za YouTube. Tangazo hilo likavuka mpaka, na kampuni ya PCCW ya Hong Kong ikalieneza pasipo kulihakiki. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza anwani 1,024 kwa pamoja, kwa hiyo njia ya Pakistan, iliyo finyu zaidi, ikashinda. Kwa muda wa saa mbili hivi safari za watu wa mabara mengi ziliishia shimoni.

Makosa ya vituoni ni madogo kuliko hayo, ila humuumiza askari vilevile. Fundi huandika njia ya kwenda akasahau ya kurudi: ripoti hufika makao makuu, jibu lisirejee, na mkuu wa kituo hudhani amepuuzwa. Pengine ruta mbili huelekezana njia ya jumla. Hapo kifurushi husukumwa huku na huko kama msafiri asiye na kibali, kikipunguziwa hesabu yake kila hatua, hata ifike sifuri kitupwe. Tena njia ya kudumu haina macho: waya ukikatika mbali, ng'ambo ya jirani, yenyewe hubaki orodhani ikiendelea kupeleka habari pasipofika.

La hatari kupita yote ni kubadili njia ya jumla ya ruta iliyo mbali kwa kupitia njia iyo hiyo. Ukikosea tarakimu moja, umejifungia nje, na kituo kimenyamaza mpaka gari lifike. Mafundi wazoefu huiamuru ruta kwanza ijiwashe upya baada ya dakika 10, ndipo huandika. Wakikatika, hungoja, ruta huamka na maagizo ya zamani, kwa maana mapya hayakuhifadhiwa. Wasipokatika, huitangua amri ile, wakahifadhi.