Umelipenda Gari, Je, Lenyewe Limekupenda? Visa vya Yadi za Magari Arusha

Mpenzi msomaji, naomba nikuulize swali moja kabla hatujafika mbali. Hivi ukikutana na mtu leo asubuhi, kanyoa vizuri, kajipulizia manukato, anaongea maneno matamu, utafunga naye ndoa jioni hiyo hiyo? Najua utasema hapana, si kichaa wewe. Sasa mbona gari tunalinunua hivyo hivyo?

Nayasema haya nikiwa mkosaji wa kwanza. Mwaka 2019 mimi na baba watoto tulikuwa na shilingi milioni 14 na nusu. Milioni 6 kati ya hizo ulikuwa mkopo wangu wa SACCOS, nyingine ni akiba yake ya miaka mitatu. Tumechoka kubanana kwenye vifodi, watoto wanakua, na kwao ni kule juu upande wa Meru ambako mvua ikinyesha bodaboda nayo inakukataa. Jumamosi moja tukaoga, tukavaa, tukaenda yadi moja hapa mjini.

Ilikuwepo RAV4 ya mwaka 2003, rangi ya fedha, inang'aa mpaka unajiona uso. Kijana wa mauzo akatupokea vizuri kweli. "Shikamoo mama, shikamoo mzee, karibuni sana." Soda zikaja. Akafungua mlango, ndani kunanukia upya. Kisha akanisogelea kama ananipa siri: "Mama, gari hii ilikuwa ya mwalimu wa kike kule Japani. Anaenda nayo shule, anarudi nyumbani, basi."

Nikamnong'oneza mume wangu tumwite fundi. Jamani! Alinitazama kama nimemvua shati mbele za watu. "Mama watoto, mimi gari naijua." Yule kijana akacheka kidogo. Nikanyamaza. Hapo ndipo pesa yetu ilipoanza kutuaga.

Wiki ya tatu tunaenda Moshi kwenye kipaimara. Tumepita Usa River salama, tunaikaribia Kikatiti, mshale wa joto ukapanda, moshi mweupe ukaanza kutoka. Gari linachemsha. Tukakaa pembeni ya barabara na nguo zetu za sherehe, watoto wanalia njaa, mabasi yanatupita. Fundi tuliyemwita alifungua boneti, akaangalia, akaomba kadi ya gari, akaangalia tena. "Dada, gasketi imekwenda. Halafu namba ya injini hii siyo iliyoandikwa kwenye kadi. Hii injini imebadilishwa."

Msomaji wangu, nyumbani kwetu palikuwa kimya wiki mbili nzima. Si kwa sababu ya gasketi. Ni kwa sababu kila mmoja alijua yale maneno ya pale yadi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyasema.

HATUKO PEKE YETU

Nilipoanza kusimulia saluni, nikagundua kila kiti kina kisa chake.

Mdogo wangu mmoja anayeishi Ngaramtoni alinunua Toyota IST afanyie biashara ya teksi. Dashibodi ilionyesha kilomita 68,000. Baadaye akamwonyesha jamaa anayeagiza magari, naye akatumia namba ya chesesi kutafuta karatasi ya mnada. Gari lilipouzwa Japani lilikuwa na kilomita zaidi ya 140,000! Yaani lilipanda meli likiwa mzee, likashuka kijana.

Mama mmoja wa Tengeru, mfanyabiashara wa ndizi na parachichi, alichukua Noah kwa malipo ya awamu. Alilipa mwaka mzima bila kukosa mwezi, huku kadi ikibaki kwa muuzaji. Siku ya kumaliza deni akakuta kadi ina jina la mtu aliyeshafariki, na aliyeileta yadini ni shemeji wa marehemu. Watoto wa marehemu wakajitokeza, wanalitaka gari la baba yao. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Shemeji hana mamlaka hayo, hata awe mpole namna gani. Mama wa watu amezunguka mahakamani hadi viatu vimeisha soli.

Lakini tusiwapake wote matope. Jirani yangu alinunua yadi nyingine, pale mwenye yadi alimwambia mwenyewe: "Dada, leta fundi wako, akae nayo asubuhi yote." Fundi akakuta shokapu za mbele zimekufa. Mwenye yadi hakubisha, akabadilisha kwa gharama yake kabla pesa haijatoka. Gari hilo bado linatembea, na jirani huyo ameshampelekea wateja watatu. Muuzaji mkweli haogopi fundi. Ukimwona anakuwa mkali ukitaja fundi, jibu umeshapata.

GARI LIMETOKA WAPI?

Magari mengi tunayoyaona yadini yametoka Japani, nchi ambayo wanaendesha kushoto kama sisi na usukani upo kulia. Yanashushwa bandari ya Dar es Salaam, yanalipiwa kodi, halafu dereva anayaleta Arusha kwa barabara, zaidi ya kilomita 600, kupitia Chalinze, Segera, Same na Moshi. Kwa hiyo hata gari "jipya kutoka melini" limeshakula lami ya kutosha kabla hujalipapasa.

Kule Japani magari mengi ya mitumba huuzwa mnadani, na kabla ya mnada mkaguzi huliandikia kila gari karatasi yake: daraja lake, kilomita zake, palipokwaruzika na palipobonyea. Gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa mara nyingi huwekwa alama ya R. Ukiambiwa gari ni safi, omba karatasi hiyo, kisha hakikisha namba ya chesesi ni ile ile iliyo kwenye gari. Wajanja nao wana kompyuta, karatasi inaweza kutengenezwa. Hivyo usiiamini peke yake.

Na bei je? Usishangae gari la zamani kuuzwa ghali. Serikali hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozidi miaka 8 tangu kutengenezwa, juu ya kodi nyingine pamoja na VAT ya asilimia 18. Majirani zetu Kenya hawaruhusu kabisa kuingiza gari la zaidi ya miaka 8. Sisi tunaruhusu, ila tunalipia.

SIKU YA KWENDA YADI

Haya, shoga yangu, na wewe kaka unayesoma kwa kujificha, kaa sawa.

Kwanza, nenda asubuhi na mapema, na usipige simu kwamba unakuja. Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi ya Meru unaijua mwenyewe. Injini mbovu haipendi kuamshwa kwenye baridi. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, wamekuwashia mapema ili usisikie inavyokohoa. Waambie utarudi kesho.

Pili, angalia moshi. Wa bluu maana yake inakula oili. Mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto ni dalili ya maji kuingia mahali pasipotakiwa, kama gasketi yetu. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta kitu kama maziwa yaliyoganda, funga, aga, ondoka.

Tatu, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa. Wanaosafisha gari lililozama kwenye maji hukumbuka viti na mazulia, mkanda wanausahau. Ukikuta matope au madoa ya maji, hilo limeogelea. Kwenye mkanda huo huo mara nyingi kuna kitambaa kidogo chenye mwaka wa kutengenezwa. Gari linaloitwa la 2007 haliwezi kuwa na mikanda yote ya 2003.

Nne, usizungushwe uwanjani tu. Lipandishe mlima wa Ilboru uone giaboksi inavyobadili, kisha liingize barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru usikie usukani ukikaza mwendo. Njia ya vumbi nayo usiisahau, bushi zilizokufa huko hazijifichi.

Tano, fundi awe wako. Siyo wa yadi, siyo wa dalali, siyo "huyu hapa jirani anajua". Mlipe hata kama gari hukulinunua, tena hapo mlipe kwa furaha, maana amekuokoa mamilioni.

MAKARATASI HAYANA MAPENZI

Kadi ya gari ina namba ya chesesi na namba ya injini. Inama, washa tochi ya simu, soma mwenyewe kwenye chuma. Sisi tungefanya hivyo dakika tano tu, tusingelala Kikatiti.

Kisha uliza: jina lililo kwenye kadi ndilo la anayeniuzia? Kama siyo, karatasi ya kumruhusu kuuza iko wapi? Je, gari limewekwa dhamana benki? Nenda nao TRA mkahakikishe kadi, na uhamishaji wa umiliki ufanyike kwa jina lako, kwa TIN yako, na kodi ya stempu ilipwe. Usikubali kutembea miaka na kadi ya mtu. Angalia pia kama namba hiyo inadaiwa faini za trafiki, na uhakiki stika ya bima.

Na dalali akikuambia umpe hela ya "rodi laisensi" ya mwaka, mcheke. Ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18.

Mkataba uandikwe, mbele ya wakili na mashahidi, na ahadi zote za mdomo ziingie humo: kilomita, injini, mwaka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza anachouza. Lakini hiyo hiyo inasema ukishakagua bidhaa mwenyewe, huna pa kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuionyesha. Ndiyo maana nakusisitizia fundi. Na muuzaji aliyekudanganya kuhusu bidhaa amevunja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, malalamiko yake hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Haki unayo, ila haki isiyo na karatasi hutembea kwa kuchechemea.

JINA LA NANI KWENYE KADI?

Hapa ndipo wanandoa wengi tunapoona aibu kuongea. Katika ule ukimya wetu wa wiki mbili, siku moja nilichukua kadi, nikaisoma vizuri. Jina moja tu. La kwake. Milioni 6 zangu hazikuwa na pa kuonekana popote.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa kwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote, inachukuliwa mna haki sawa. Ni kweli kwamba ndoa ikivunjika mahakama huangalia mchango wa kila mmoja, na tangu hukumu maarufu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, hata kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango. Lakini kwa nini usubiri mpaka ufike mahakamani? Mkataba wa mauziano uandikwe majina yenu wawili, wote msaini, na risiti ya kila aliyetoa pesa itunzwe. Huko si kutoaminiana. Anayekupenda hataogopa jina lako.

Usiku huo nilimwekea kadi mezani. Sikupiga kelele. Nilimwambia, "Sijakasirika kwamba gari limeharibika. Nimekasirika kwamba ulimwamini kijana wa soda kuliko mimi." Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Niliona aibu. Niliogopa ataniona sijui." Mume wangu mtu mzima, amewaogopa macho ya mtu ambaye hata jina lake hatulijui!

Tulirudi yadi wote wawili, mkataba mkononi, na maelezo ya fundi yameandikwa. Tulienda mara nne. Mwisho walikubali kulipa nusu ya matengenezo. Nusu nyingine tukaimeza wenyewe, na mkopo wa SACCOS nikaendelea kuulipa kwa gari lililokuwa limelala gereji.

Mwaka 2023 tuliliuza, tukamwambia mnunuzi kila kitu kuhusu ile injini, bei ikashuka, tukakubali. Tukaongezea akiba, tukaenda kutafuta jingine, yadi nyingine, saa moja asubuhi, fundi wetu nyuma. Kijana akatoka mbio kutukaribisha, soda mkononi. Baba watoto akamshukuru, akazikataa. Halafu akanigeukia:

"Mama watoto, hebu weka mkono kwenye boneti."

Ilikuwa ya baridi, jamani. Tukaanza kazi.