Je, Wajua? Kuna Jiwe Linalotoa Umeme Likibanwa

Mwaka 1880, ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kuwa baadhi ya fuwele, ikiwemo kwatsi, hutoa chaji ya umeme zikibanwa. Kadiri shinikizo linavyozidi, ndivyo chaji inavyoongezeka.

Leo kipande kidogo cha kwatsi hufungwa ndani ya kihisi cha chuma, kisha kihisi hicho hukazwa kwenye kichwa cha silinda ya injini. Mafuta yanapowaka, fuwele hufuata shinikizo likipanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, na fundi huona kwenye skrini iwapo silinda inachoma sawasawa au inagonga. Geji ya mshale haiwezi kamwe kwenda na kasi hiyo.

Ila kihisi hiki cha kwatsi hakifai kupimia mtungi wa gesi uliotulia: shinikizo lisipobadilika, chaji huvuja polepole na kipimo hupotea. Joto nalo ni adui. Kwatsi ikifikia nyuzi 573 za Selsiasi, mpangilio wa atomi zake hubadilika, ndiyo maana vihisi vingine vya injini hupozwa kwa maji.