Kabati la Michezo: Tuchore Kwanza, Tukate Baadaye

MCHEZO haudharauliwi visiwani. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64, limekaa barazani kwetu kwa vizazi vingi, na hakuna mzee aliyeona aibu kumwagiza seremala amchongee ubao mzuri. Wala hapana aliyesema kuwa seremala huyo amepoteza wakati wake. Twaanza kwa bao kwa sababu leo twakusudia kuzungumzia chombo kingine cha mchezo, ambacho nacho chahitaji seremala, lakini ambacho wakubwa wengi wakikisikia hukunja uso: kabati la michezo ya vidio.

Kabati hilo ni sanduku refu la mbao, lenye skrini mbele ya uso wa mchezaji, na fimbo ya kuongozea pamoja na vitufe usawa wa kiuno. Tangu miaka ya 1970 makabati ya namna hiyo yaliwekwa katika kumbi za starehe za Marekani, Japani na Ulaya, mchezaji akitumbukiza sarafu ndipo acheze. Baadaye michezo ilihamia majumbani na kwenye simu, na kumbi nyingi zikafungwa. Hata hivyo imezuka desturi nyingine: watu hulijenga kabati hilo wenyewe nyumbani, kwa mbao, nyaya na kompyuta ndogo. Sisi twaamini kuwa katika desturi hiyo mna funzo kwa vijana wa Unguja na Pemba, na kwa wale waliokabidhiwa dhamana ya kuwafundisha.

Hapana budi ikumbukwe kwamba kazi hii tangu mwanzo ilikuwa kazi ya mikono. Mwaka 1972 mhandisi Allan Alcorn wa kampuni ya Atari, alipotengeneza mchezo wa Pong, alichukua televisheni ya kawaida ya dukani, akaitia katika sanduku la mbao la futi 4 hivi, akaunganisha nyaya mwenyewe. Mashine iliwekwa katika baa moja ya mji wa Sunnyvale, California. Haukupita muda ikaja habari kuwa imeharibika. Ilipofunguliwa ilionekana kuwa nyaya hazina kosa: sarafu zilikuwa zimejaa hata hazina pa kuingia. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, katika visiwa vya Japani, alitoa Space Invaders, baada ya kubuni mchezo wenyewe na hata vifaa vya kuuendeshea.

Zipo serikali zilizoona dawa ni kupiga marufuku. Ufilipino, ambayo nayo ni nchi ya visiwa, iliikataza michezo ya vidio mwaka 1981 chini ya Rais Ferdinand Marcos. Ugiriki ilipitisha sheria mwaka 2002 kwa nia ya kuzuia kamari, lakini sheria hiyo ikaikumba hata michezo isiyo ya kamari, na mwaka 2006 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kuwa nchi hiyo imekiuka wajibu wake. Twawaomba maofisa wetu waizingatie tofauti hiyo. Mashine ya kamari humla mtu fedha kwa tamaa ya kupata fedha. Kabati la mchezo lililojengwa nyumbani halimlipi mtu wala halimfilisi.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe. Mpango mzuri huanza na skrini, kwani upana wa skrini ndio uamuao upana wa sanduku. Kabati la kusimama kwa kawaida huwa na kimo cha sentimita 170 hadi 180, na ubao wa fimbo na vitufe hukaa sentimita 90 hadi 100 kutoka chini. Skrini hulazwa nyuma kidogo ili mchezaji aitazame bila ya kuumia shingo. Kabla ya kugusa mbao, fundi huchora ubavu wa kabati kwa ukubwa wake halisi juu ya karatasi ngumu, akausimamisha, akasimama mbele yake. Kosa la karatasi hurekebishwa kwa mkasi, lakini kosa la mbao hulipiwa fedha. Na apime pia mlango na ngazi. Makabati ya zamani ya viwandani aghalabu yalikuwa na uzito wa kilo 100 au zaidi, na kila aliyewahi kupandisha samani katika ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ataelewa tusemalo.

Mbao nazo zina hukumu yake. Viwanda vya ng'ambo vilitumia sana chipbodi, ambayo ikilowa huvimba na kumomonyoka. Katika hewa yetu ya chumvi na unyevu, plaiwudi ya milimita 18 ndiyo ifaayo, na plaiwudi mbili au tatu nzima za futi 8 kwa 4 hutosha kwa kabati moja. Ubavu wa kwanza ukishakatwa na kupigwa msasa, huwa kiolezo cha ubavu wa pili, ili pande zote mbili zilingane. Matundu ya hewa yawekwe chini na juu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda, na nyuma kuwe na mlango wa bawaba ili fundi aingie bila ya kuvunja.

Umeme wake si fumbo. Chini ya fimbo mna swichi nne ndogo, moja kwa kila upande, na fimbo ikisukumwa pembeni, mbili hushikana pamoja. Kila kitufe kina swichi yake, na zote hurejea kwa waya mmoja wa pamoja. Matundu ya vitufe huwa na kipenyo cha milimita 28 au 30 kulingana na aina, basi vinunuliwe kwanza ndipo keekee ishikwe. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza mwaka 2012, hutumia volti 5 tu. Lakini twatoa onyo: zile televisheni za chogo huweza kuhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kijana asizifungue. Skrini bapa ni nyepesi zaidi, na ikitumiwa bila ya kufunguliwa haina hatari hiyo.

Halafu kuna haki. Programu ya MAME, iliyoanzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997, huiwezesha kompyuta ya leo kuendesha michezo ya makabati ya zamani. Lakini programu ni kitu kimoja na michezo ni kitu kingine. Michezo ina wenyewe, na Zanzibar inayo Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 2003. Anayetaka wengine waheshimu nyimbo na michoro ya visiwa hivi naye aheshimu jasho la wenziwe, anunue mchezo kwa halali au, lililo bora, aubuni wake.

Hapo ndipo tunapokusudia kufika. Kijana anayecheza tu ni mnunuzi. Kijana aliyelichora kabati, akalikata, akaliunga, akalitia nyaya na kuliandikia programu, ameonja useremala, umeme na elimu ya kompyuta katika kazi moja anayoipenda. Mikono hiyo hiyo kesho itajenga makabati ya jikoni, meza za mapokezi ya hoteli na masanduku ya betri za umeme wa jua. Aliyezoea kuchora kabla ya kukata hatapoteza mbao za mteja.

Kwa hiyo twatoa wito kwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali na vituo vyake, tangu Mkokotoni na Mwanakwerekwe hadi Vitongoji, na kwa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia: kila darasa lipewe kabati moja la kujenga, seremala na fundi umeme wakiwa pamoja, kwa sharti kwamba mchoro na hesabu ya gharama vikaguliwe kabla ya mbao kununuliwa. Wazazi nao wapange saa za kucheza, kama wapangavyo saa za kulala. Mchezo usioongozwa hula wakati wa mtoto. Ukiongozwa, waweza kumpa ufundi wa kumlisha maisha yake yote.