Binti wa Mombasa Chuoni Kitui

Mgeni ni kuku mweupe. Methali hii tuliisikia tangu utotoni, na maalim wetu alipotufasiria alisema kwamba mgeni hana pa kujificha: akitembea huonekana, akiketi huonekana, na kosa lake dogo huonekana kabla ya kosa kubwa la mwenyeji. Mimi niliisikia nikiwa mwenyeji, kwa hivyo sikuitia maanani. Aliyenifundisha maana yake ni binti wa dada yangu, ambaye sasa yumo mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja huko Kitui.

Mwezi wa Shaaban uliopita binti huyo alimpigia mamake simu akilia, akisema hataki tena, arudishwe Mombasa. Dada yangu alikuwa tayari kumrudisha siku ile ile. Baada ya mashauri mengi ya kifamilia nikatumwa mimi niende nikamsikilize, na ikibidi nije naye.

Nilipanda treni alfajiri nikashuka Kibwezi, katika Makueni, kisha nikapanda matatu inayopita Ikutha na Mutomo hadi Kitui. Njiani niliona mibuyu kama ile ya kwetu, nikajisemea kwamba nchi yenye mibuyu haiwezi kuwa ngeni mno. Wala Ukambani si nchi ngeni kwetu. Zamani, kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilishuka mwambao na pembe za ndovu, na Kivoi wa Kitui, aliyeuawa mwaka 1851, alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa misafara hiyo. Rabai wako Wakamba waliokaa vizazi na vizazi. Mjini Kitui nako adhana husikika, na wamo Waislamu ambao lugha ya mama yao ni Kikamba.

Nilimkuta binti langoni, amevaa buibui lake. Akanibusu mkono.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nieleze. Nani amekutukana?"

"Hapana aliyenitukana, mjomba. Ingekuwa matusi ningejua la kujibu."

Tukaketi chini ya mti, naye akaanza kunihesabia. Siku ya kwanza aliulizwa kama yeye ni Mwarabu au Msomali. Ya pili akaulizwa kama ni kweli watu wa pwani hufuga majini. Ya tatu, ni lini ataozwa. Mwezi wa Ramadhani aliulizwa, "Hata maji?" na kila mmoja aliyeuliza alidhani yeye ndiye wa kwanza kuuliza. Darasani, mazungumzo yakigusa Uislamu, macho yote humgeukia. Mtihani mmoja uliwekwa Ijumaa saa saba mchana, naye hakusema neno, kwani asingetaka kuwa yule mwenye kuomba mambo yake peke yake.

"Mjomba," akasema, "mimi hapa hawanioni mimi. Nikichelewa, pwani nzima imechelewa. Nikikosa, Waislamu wote wamekosa. Nimechoka kubeba watu ambao hata hawanijui."

Kisha akanieleza lililomliza. Darasani lilitajwa shambulio la chuo kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na wauaji wakawatenga Wakristo na Waislamu. Kijana mmoja akamgeukia akamwuliza, "Nyinyi mnasemaje juu ya hili?"

"Nyinyi! Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka kumi, mjomba. Nililia kama walivyolia wao."

Msomaji wangu, tuwe waadilifu. Wale vijana wa Garissa walikuwa watoto wa watu, na hofu ya wenzao haikuanguka kutoka mbinguni. Lakini hofu yenye sababu nayo yaweza kumdhulumu asiye na hatia. Nilimkumbusha habari ya Salah Farah, mwalimu Mwislamu aliyekuwa ndani ya basi lililoshambuliwa katika Mandera mwezi wa Disemba 2015. Abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu huyo alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata. Nikamwambia, "Wakikuuliza tena, watajie huyo." Akanijibu kwa upole, "Nitamtaja, mjomba. Lakini kwa nini kila siku niwe na la kujitetea?" Sikuwa na jawabu.

Jambo hili si la Kitui peke yake. Vijana wa Bara Hindi waliokwenda kusoma Uingereza zamani waliyaonja hayo hayo katikati ya Wazungu, na vijana wenye asili ya Asia wangali wakiyasimulia katika vyuo vya Ulaya na Marekani. Katika mji wa Woking ulijengwa msikiti mwaka 1889, kwa fedha za Begum wa Bhopal, ukiwa karibu na taasisi ya masomo ya mashariki, ili Mwislamu aliye mbali na kwao apate pa kuweka paji la uso. Mchache huhitaji pahali ambapo haulizwi kitu. Binti yetu pahali pake ni msikiti wa Kitui mjini, anapokwenda akipata nafasi na nauli.

Tukiwa katika mazungumzo hayo akaja msichana mwenzake wa chumbani, mzaliwa wa Wote, Makueni. Alinisalimu kwa adabu, akaketi. Nikafahamishwa kwamba juma la kwanza msichana huyu alilala taa ikiwaka kwa kuogopa majini, na sasa wote wawili hulicheka jambo hilo. Ramadhani iliyopita yeye ndiye aliyekuwa akimwamsha mwenzake kula daku, na akimpashia moto muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa wanayoyapika Wakamba pamoja na kunde au maharagwe.

Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Baba, ni kweli kwenu mwatuita watu wa bara? Kakangu anasoma Mombasa. Asema kila akifungua mdomo sokoni watu hucheka, na huulizwa atarudi kwao lini."

Hapo nilinyamaza, kwani nilimkumbuka Kalamu.

Kalamu halikuwa jina lake. Alikuwa mwenzetu wa sekondari mjini Mombasa, mtoto wa kuli wa bandarini, kwao Makueni, ambayo wakati ule ilikuwa bado sehemu ya Machakos. Kikamba hakina sauti ya "r". Siku moja alitualika karamu ya harusi ya dada yake, ulimi wake ukatamka kalamu. Darasa zima tukaangua kicheko, na tangu siku hiyo tukamwita hivyo kwa miaka minne. Harusini hakwenda hata mmoja wetu. Na aliyembandika jina hilo ni mimi, niliyejiona mshairi.

Niliwasimulia wote wawili kisa hicho bila kupunguza neno. Kikapita kimya. Mwishowe binti wa dada yangu akauliza, "Je, mjomba, alimaliza shule?"

"Alimaliza. Na mtihani wa Kiswahili wa mwaka 1989 alinishinda."

Wakacheka, nami nikacheka, ingawa si kwa raha. Jioni ile binti aliniambia nirudi peke yangu. "Nitakaa, mjomba. Mwambie mama asinililie." Juu ya mtihani wa Ijumaa tulikubaliana amwendee mwalimu mapema, aombe kwa adabu. Alipomwendea, mwalimu yule alimsikiliza, akasema hakuwa amefikiri, na saa ikabadilishwa.

Wazazi wenzangu, nafasi za vyuo siku hizi hugawanywa kwa alama na kwa masomo aliyochagua mtoto. Wa Kibokoni atapelekwa Kitui, na wa Kitui ataletwa Kilifi. Chuo cha ufundi cha Mombasa kilianzishwa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, wazee wetu wakikiita MIOME. Mwaka 1972 kikawa Politekniki, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili, mwaka ule ule vilipopata hati zao chuo cha Pwani na kile cha Kusini Mashariki huko Kitui. Sasa madarasa ya MIOME ya zamani yamejaa watoto wa kila kabila. Tukimwombea binti yetu ugenini huko, tuwatazame pia walio ugenini kwetu: anayepanga chumba Kisauni, anayenunua mhogo Kongowea kwa Kiswahili cha kujikaza.

Kwa wote hao naweka ubeti huu, na ufike kwa Kalamu popote alipo, pamoja na ombi langu la msamaha:

Mwanao ukimtuma, mbali nchi ya wageni,
Ukamuombea wema, apendwe huko chuoni,
Naye ana wake mama, mgeni wa mtaani,
Mpe salamu mapema, akae kwa tumaini.